Kahawa ya Mahbuba na Falme Saba za Uchina

Mawaleh, mwezi 4 Mfungo Sita, mwaka 1388

Andika, Nasriya. Anza na bismillahi, halafu andika jina langu, Masouda, halafu andika kwamba sijui kusoma, ili mtu akikuta kosa ajue ni lako. Usicheke. Andika.

Nnataka kuiweka hii hadithi ya Mahbuba kabla haijanitoka. Jana kanihadithia wafalme saba wa Uchina ya zamani, zamani khasa, kabla ya Mtume, kabla ya Nabii Isa, na leo asubuhi nimewahesabu kwa vidole nikapata watano. Wawili wamekwenda wapi? Basi kila Mahbuba akiondoka wewe utakaa hapa na kalamu yako, mimi ntasema, na hatutapoteza mfalme mwengine.

Mahbuba ni jirani yetu wa bustani ya pili. Mtu wa Unguja kama sisi, lakini baba yake Mchina. Unguja walikuwepo Wachina, wakinunua majongoo ya bahari na kuyaanika juani, harufu yake usiniulize. Baba yake alikuwa mmoja wao, akasilimu, akaoa Mkokotoni. Mahbuba akaolewa na mtu wa Nizwa, akaletwa huku Oman zamani, sisi hata fikra ya kuhama hatuna. Mumewe keshakufa. Ana macho membamba na ulimi mrefu, na mimi watu wa namna hiyo nawapenda.

Sisi tupo kwa wifi yangu Kheiria, dada wa marehemu mume wangu. Tulipotoka Unguja mwaka ule wa mashaka, yeye ndiye aliyetupokea nyumbani kwake Maskati. Joto likianza anatuleta huku Mawaleh kwenye bustani yake ya mitende, maana Maskati imezungukwa na majabali kama mafiga, na sisi ndio chungu. Huku tuna nyumba ya makuti ya mtende, upepo unaingia huku unatokea kule. Rutabu za mwanzo, tende mpya, zishaanza kulainika mtini.

Haya, hadithi. Sita katika wale wafalme wako mashariki, wadogo wadogo, kila mmoja na mji wake na ukuta wake na kiburi chake. Wa saba yuko magharibi, ana farasi wengi na njaa ya nchi za watu. Imefika hapo.

Jambo jengine. Mahbuba kala tende lakini kahawa hakuigusa. Kaiweka finjani chini, mbele yake, mpaka ikapoa. Labda inampiga moyo.

Mwezi 5

Mashine ya maji imeharibika. Kaja Aflah, mjukuu wa Mahbuba, kaitengeneza. Kijana wa maneno machache. Hilo hakurithi kwa bibi yake.

Mwezi 8

Mahbuba kaja baada ya alasiri. Nasriya kamimina kahawa, Mahbuba kaipokea kwa mkono wa kulia, kashukuru, kaiweka chini. Nikamwambia, "Shoga, kahawa yangu ina nini?"

"Kahawa yako nzuri, dada. Nipe muda."

Muda wa nini tena? Kahawa haitaki muda, inataka mdomo. Lakini alikuwa keshaanza hadithi, nikaacha.

Wale wafalme sita wakamuogopa wa Magharibi, wakakutana juu ya jabali. Wakachinja fahali, damu wakaikinga katika bakuli moja, kila mfalme apige funda moja na aape: atakayemgusa mmoja wetu katugusa sote. Nikamuuliza, "Damu, Mahbuba?" Akasema, "Damu, dada, ndio walivyokuwa." Nikamuuliza, "Na wote walimeza?"

Mahbuba akanitazama akacheka. "Hilo ndilo swali alilokuja nalo mjumbe wa Magharibi."

Kumbe mfalme wa Magharibi hakupeleka farasi. Kapeleka mtu mmoja mrefu, mpole, hasemi uwongo hata kidogo. Anaingia kwa mfalme, anakaa karibu na mlango, anauliza. "Siku ile ya kiapo, yule jirani yako ulimuona akimeza?" Basi. Anaaga anakwenda kwa jirani, anauliza lile lile.

Nimeipenda hiyo. Mtu hajasema neno la uwongo na nchi sita hazilali.

Wakati wa magharibi Kheiria karudi kutoka kwa mbuzi wake. Akaniuliza, "Mahbuba kaja leo?"

"Kaja."

"Kanywa kahawa?"

"Hakunywa."

Akaingia ndani. Bunni ya hiyo kahawa ni yake, labda inamuuma kuona inamwagwa.

Mwezi 9

Joto. Sina la kusema. Nasriya haamini.

Mwezi 13

Leo Kheiria kakaa na mimi tukichambua tende, na Kheiria hakai bure. Nasriya, andika hivi hivi alivyosema, hata kama linakuhusu. Hasa kama linakuhusu.

Kasema, "Wifi, Yaarub wangu anarudi kutoka Bahrain mwisho wa msimu. Namtaka Nasriya."

Nikamwambia, "Kijana wako mzuri, mashallah."

"Marhoon anasemaje?"

Marhoon ni mwanangu, baba yake Nasriya, yuko Kuwait kazini. Mama yake Nasriya alifariki mtoto bado ananyonya, nikamlea mimi. Nikamwambia Kheiria, "Marhoon kasema atakalokubali mama yake ndilo."

"Basi liko kwako," akasema. Kisha kwa utaratibu, huku anatoa kokwa, "Wakioana, wewe utabaki na chumba chako kile kile cha Maskati. Hakuna wa kukuhamisha."

Maneno mazuri. Kwa nini basi yameniingia baridi na jua lote hili? Chumba changu sikuwa nimekiwazia kama kitu cha kuhamishwa. Yaarub si mbaya. Anacheka vizuri, anaheshimu wakubwa. Lakini ukimuuliza mtu huyu swali anajibu "inshallah", ukimuuliza la pili anajibu "inshallah", na Nasriya ni mtoto wa maswali toka mdogo.

Kalamu imesimama, Nasriya. Au wino umekwisha?

Mwezi 14

Mashine imeharibika tena. Kaja Aflah.

Mwezi 17, Ijumaa

Nimejaribu kila kitu. Nimeongeza hiliki. Nimetia zaafarani, Kheiria akanikodolea macho. Leo nikampikia chai. Chai Mahbuba kanywa! Kanywa vikombe viwili, akala na tende. Nikafurahi, nikasema basi ni moyo, anaogopa kahawa. Nikamwambia Nasriya asilete kahawa tena. Mahbuba akabadilika uso, akasema, "La, la, kahawa ilete, dada. Iwepo tu."

Iwepo tu. Basi ikaletwa, akaiweka chini, ikapoa. Sijapata kuona mtu anataka kahawa ya kutazama.

Hadithi imesonga. Kile kiapo kimevunjika. Mfalme wa kwanza kaota kwamba jirani yake alitema damu kwenye ndevu. Mtu kaota! Akaanza kujenga ukuta upande ule. Jirani kuona ukuta, na yeye akajenga. Mawe waliyoyaweka kumzuia mfalme wa Magharibi wakayahamisha kuzuiana wao kwa wao. Nikamwambia Mahbuba, "Wajinga hawa!" Akasema, "Walikuwa na vyuo na wanazuoni, dada, na majemadari." Nikamwambia, "Ndio nnavyokwambia."

Kheiria jioni: "Kanywa?"

"Kanywa chai."

"Nauliza kahawa."

"Hakunywa."

Naona kafurahi. Anauliza tu, huyu wifi yangu. Anauliza na kuondoka. Kama yule mtu mrefu wa karibu na mlango.

Mwezi 20

Upepo wa gharbi, toka asubuhi. Unatoka huko huko magharibi, unaunguza kama umefungua tanuri. Tumetundika mashuka yaliyorowa mlangoni. Hakuna aliyekuja, hakuna aliyetoka.

Mwezi 22

Gharbi imetulia. Mahbuba kaja na hadithi mpya ndani ya ile ile, na hii ntaitaka iandikwe vizuri.

Katika zile nchi sita, iliyo ndogo kuliko zote mfalme wake alikuwa mtoto, anatawaliwa na bibi yake. Bibi mtu mzima, hajui kusoma. Akitaka kusema na wajumbe anakaa nyuma ya pazia, wao wanaisikia sauti tu. Wakamjia wajumbe wawili wakati mmoja. Wa kwanza wa Magharibi: "Tupe urafiki wako, tutakulinda, kiti chako hakitaguswa." Wa pili kaja peke yake kutoka nchi ya mbali isiyo na jina kubwa. Huyu wa pili hakuomba kitu. Alikuwa anakuja kila siku, anakaa, anasubiri kuulizwa.

"Kuulizwa nini?" nikamwambia.

"Alichokuja nacho," akasema Mahbuba.

"Mbona hasemi mwenyewe? Hana mdomo?"

"Anao. Lakini akisema akakataliwa, kakataliwa. Asiposema, hakuna aliyekataa."

Nikamwambia huyo mjumbe ana kiburi. Mahbuba akasema, "Si kiburi, dada. Watu wa nchi yake wanatajwa kwa asili yao kila wanapokwenda. Amechoka kukataliwa kwa ajili ya baba yake."

Nikamuuliza, "Na yule bibi kafanyaje?"

"Bado anafikiri."

Kaondoka. Finjani imebaki pale, inzi kaingia.

Mwezi 24

Mashine tena. Aflah kaja. Nasriya ndiye aliyekwenda kumuonesha ilipoharibika, kama kwamba mashine imehama.

Mwezi 25

Mtende wa aina ya fardhi karibu na kisima, tende zake zimeanza kuwa nyekundu. Mgongo unauma.

Mwezi 27

Bibi wa nyuma ya pazia bado anafikiri! Siku ya ngapi hii? Nimemkaripia Mahbuba. "Hadithi gani hii isiyokwenda mbele? Wale wafalme watano wengine wamelala?"

Akasema, "Wote wanamngojea yeye. Hata mimi namngojea."

Nasriya kule pembeni akaangusha sahani ya tende.

Baada ya Mahbuba kuondoka nimekaa nikawaza. Mimi si mtu wa kuwaza kimya, kwa hivyo nimewaza kwa sauti na Nasriya kasikia, basi aandike. Nlikuwa nikimuona Kheiria ndiye Magharibi na Mahbuba ni shoga yangu anayenipumbaza joto lipite. Sasa nauliza: huyu naye anataka nini? Kila siku anavuka bustani mbili kwa mguu, mtu mzima, ana goti bovu. Hakuna anayevuka bustani mbili na goti bovu kwa ajili ya wafalme waliokufa. Na yeye mjumbe huyu. Wote wajumbe! Nyumba nzima imejaa wajumbe, na mimi peke yangu ndiye niliyekuja kula tende.

Mwezi 2 Mfungo Saba

Kheiria kaniambia wazee wake wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo kutoka Seeb kuposa. "Jibu liwe tayari, wifi." Nikasema inshallah. Nikajisikia nimejibu kama Yaarub.

Mwezi 5

Leo, Nasriya, utaumwa na mkono.

Asubuhi walikuja wanawake wawili wa Seeb, jamaa zake Kheiria, kuja kututazama kabla ya wazee. Wakakaa, wakala, wakanywa. Mara kaingia Mahbuba. Akawapa mikono, akakaa mahali pake, Nasriya akamimina. Mahbuba akaiweka finjani chini.

Wale wawili wakaitazama ile finjani. Wakanitazama mimi. Mimi nikatabasamu kama mjinga, nikasema, "Huyu shoga yangu kahawa haimpendi." Mmoja akamwambia mwenziwe kwa Kiarabu cha huko kwao, pole pole, lakini masikio yangu hayapitwi na kitu: "Naona katika nyumba hii kahawa ya mgeni inapoa." Mahbuba akainama. Hakuhadithia. Akainuka, akaaga, na goti lake lile, akaenda zake.

Wageni walipoondoka Kheiria akanijia.

"Masouda, umenifedhehesha."

"Nimefanya nini?"

"Msimu mzima mgeni anakuwekea finjani mbele yako na wewe unamtilia zaafarani!"

"Nifanyeje, nimnyweshe kama mtoto?"

Akapiga makofi mawili, akakaa chini. "Huku mtu akija na haja hanywi kahawa mpaka aulizwe. Anaiweka chini, anangoja. Mwenye nyumba anamwambia: kunywa kahawa yako, haja yako imekubaliwa. Au anamwambia haikubaliwi, akaondoka na heshima yake. Lakini huachi ikapoa! Mtoto wa miaka sita analijua hilo."

Nikamwambia, "Mimi miaka sita nlikuwa Unguja. Kwetu kahawa ni kahawa."

"Mahbuba naye Unguja. Kajifunza kwa mumewe."

Wallahi! Zile siku zote. Iwepo tu. Nipe muda. Mjumbe anayesubiri kuulizwa! Ananambia usoni pangu, na mimi namuuliza habari za Uchina.

"Na wewe ulijua?" nikamuuliza.

"Toka siku ya kwanza."

"Mbona hukunambia?"

"Kwa sababu haja yake naijua. Anamtaka Nasriya kwa Aflah. Na mimi nna mwanangu."

Kasema hivyo hivyo, macho kwa macho. Nikamwambia, "Sasa kwa nini unanambia leo, Ijumaa haijafika? Ungenyamaza tu, umeshinda."

Kheiria akazungusha bangili. Akasema, "Baba yangu hakupata kumpozea mgeni kahawa, hata akiwa adui yake. Kesho Seeb nzima watasema kwa binti yake inapoa. Yaarub atapata mke mwengine. Jina la nyumba ntalipata wapi jengine?"

Namjua wifi yangu huyu miaka arubaini. Nlikuwa simjui.

Nikataka kutoka saa ile ile, jua la utosini, nimfuate Mahbuba. Kheiria akanishika kanga. "Haendewi mtu kwake na jibu la kahawa uliyoimimina kwako. Itakuwa kama unamfukuza kwako. Mpaka aje mwenyewe."

"Na asipokuja?"

Akaanza kukusanya vikombe.

Nikamgeukia huyu anayeandika. "Na wewe Nasriya, ulijua?"

"Nlijua, Bibi. Bibi Kheiria alinifundisha tulipofika tu."

"Mbona hukusema?"

"Niliona haya. Ningeliandika vipi?"

Mwezi 6

Hakuja.

Mwezi 7

Hakuja. Nimemwambia Nasriya aweke kahawa motoni baada ya alasiri hata hivyo.

Mwezi 8

Hakuja. Na mashine nzima, inanguruma kutwa kama ng'ombe aliyeshiba. Msimu wote inaharibika, sasa haiharibiki.

Ajabu hiyo. Nimeiwaza.

Mwezi 9, Ijumaa

Wazee wamekuja watatu, ndevu nyeupe, bakora. Wamekaa nje kwenye mkeka na sisi ndani, pazia katikati. Nlipokaa nyuma ya pazia lile moyo ukanipiga pa! Nimekuwa yule bibi. Na sijui alijibu nini, kwa sababu Mahbuba hakufika hapo!

Mkubwa wao akamposa Nasriya kwa Yaarub, kwa maneno mazuri, akataja mababu mpaka nikachoka. Na kahawa yake aliiweka chini, nikaisikia ikigusa sinia. Safari hii nlijua.

Nikasema, "Wazee wangu, Yaarub ni mtoto wetu na mmetupa heshima. Lakini kuna mgeni aliyetangulia. Ameweka finjani katika nyumba hii kabla yenu, na kwa ujinga wangu haijajibiwa. Nyinyi ndio wenye mila, nifundisheni. Naweza kumjibu wa pili na wa kwanza kahawa yake bado iko chini?"

Nje mbuzi wakalia. Kheiria kando yangu hapumui.

Mzee akasema, "Huwezi."

"Basi nipeni ruhusa nimjibu wa kwanza."

"Mgeni nani?" akauliza mwengine. Akaambiwa. Akasema, "Yule binti wa Mchina?"

Kheiria, Kheiria mwenyewe, akasema kwa sauti kupita pazia, "Mgeni ni mgeni, ami. Finjani haiulizi baba yako nani."

Wakanywa maji, wakaondoka bila ya hasira, au hasira wameondoka nayo bila kutuonesha.

Tulipobaki wawili nikamwambia, "Wifi, nlidhani nikikataa utanitoa chumbani."

Akanitazama kama nimemtukana. "Nikutoe? Nyumba ile ya baba yangu, na mumeo alikuwa ndugu yangu. Nlikwambia hutahamishwa ili usiogope kumuoza mjukuu wako ukabaki peke yako. Wewe hawa Wachina wamekuharibu kichwa!"

Sijui. Labda ndivyo alivyokusudia. Labda kakusudia yote mawili, mtu ana nafasi ya mawili kifuani. Namuuliza Nasriya anaonaje, anasema yeye anaandika tu.

Mwezi 10

Asubuhi, kabla jua halijakaza, nikamwita Nasriya.

"Ule mkanda wa mashine unapouvua huwa unauweka wapi?"

Akasema, "Mkanda gani, Bibi?"

"Unaofanya mashine iharibike kila ninapogeuza uso."

Akatazama chini, akatazama juu, akasema, "Chini ya kitanda chako."

Chini ya kitanda changu! Mimi nalala juu ya hila msimu mzima nikilalamika mgongo. Andika. Andika kila neno, na uandike kwamba unalia na kucheka pamoja. Wajumbe, malkia, wafalme, na jasusi nnaye ndani, namlisha mwenyewe.

"Mmesema nini na huyo kijana, siku zote hizo?"

"Mengi ya mashine. Namuuliza hiki kinafanya nini, ananijibu. Namuuliza kwa nini, ananijibu. Siku moja hakujua, akasema hajui, akarudi siku ya pili na jibu. Bibi Kheiria alikuwepo, anakamua mbuzi. Muulize."

Nikamuita Kheiria. "Ulikuwepo?"

"Nlikuwepo," akasema. "Mashine ile nimeinunua mimi. Unadhani sijui sauti yake ikivuliwa mkanda?"

Basi mjinga nlikuwa mmoja.

Nikamwambia Nasriya, "Nenda kauvue."

"Bibi?"

"Uvue! Nnataka fundi."

Aflah akaja mchana na begi lake la spana. Kabla hajainama kwenye mashine nikamwambia kutoka dirishani: "Baba, mashine mkanda wake huu hapa mkononi mwangu, usijisumbue. Mwambie bibi yako Masouda kasema kahawa yake imepoa kwa ujinga wangu. Kesho nampikia nyengine. Na aje na hadithi yangu."

Akasema, "Nimesikia, Bibi." Akageuka akaenda mbio, begi lake kalisahau.

Mwezi 11

Kaja.

Kheiria kampikia kahawa kwa mkono wake, kakataa Nasriya asiguse. Dele likaja linatoa moshi. Mahbuba kavaa kanga mpya, goti kalifunga kitambaa. Akapokea finjani, akaiweka chini. Kahawa kidogo ikamwagika mkekani.

Nikamwambia, "Mahbuba, haja yako nini?"

Mwanamke yule, msimu mzima kaongea kama mvua, leo alitengeneza kanga yake kwanza. Akasema, "Nimekuja kumuomba Nasriya kwa mjukuu wangu Aflah. Baba yangu alikuwa Mchina wa majongoo, mnajua. Sifichi."

Nikamwambia, "Na mimi baba yangu alikuwa na duka la ndimu na deni mji mzima." Nikamgeukia Nasriya, aliyejifanya anapangusa kalamu. "Wewe unaulizwa, mjukuu wangu. Si mimi ntakayekaa naye. Unataka?"

Nasriya akasema, "Akubali mashine ya kwetu nifunge na kufungua mwenyewe."

"Hiyo ni ndiyo?" nikauliza.

"Ndiyo, Bibi."

Nikamwambia Mahbuba, "Kunywa kahawa yako, shoga. Ishakubaliwa. Marhoon ntampelekea khabari mimi."

Akaichukua, akainywa kwa funda moja, moto vile vile, machozi yakamtoka, sijui ya moto sijui ya nini. Kheiria akammiminia ya pili, akanywa. Ya tatu, akanywa. Halafu akaitikisa ile finjani kwa vidole viwili, tik tik tik, kwamba basi ameshiba. Sauti ile ndogo, nimeingoja toka rutabu za mwanzo na nlikuwa sijui kwamba nnaingoja.

Tukakaa. Kheiria akaleta halua. Nikamwambia, "Haya, sasa. Yule bibi wa nyuma ya pazia alimjibu nani? Na mfalme wa Magharibi alizimeza zote sita au hakuzimeza?"

Mahbuba akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akacheka, akanyoosha goti. "Aa, dada, hiyo sasa ya nini? Mjumbe keshajibiwa. Tutamalizia arusini, inshallah."

Arusini! Si chini ya miezi mitatu!

Nasriya alikuwa kanimiminia na mimi. Sikuinywa. Nikanyoosha mikono, nikaiweka finjani chini, imejaa, katikati ya mkeka, mbele ya Mahbuba. Nikakunja mikono.

Mahbuba akaitazama. Akanitazama mimi. Moshi unapanda baina yetu.

"Mahbuba," akasema Kheiria, "uko nyumbani kwangu, na mimi hapa kahawa haipoi tena. Muulize haja yake."